Mgeni wa Saa Nane Usiku

Saa nane na dakika chache, usiku kwa usiku,
mtu huingia dukani mwangu bila kupiga hodi.
Si duka la mabati pale Kibuye. Hilo nimelifunga,
kufuli mbili na mbwa wa jirani.
Ni lile la mtandaoni alilonitengenezea Omburo,
mpwa wangu, kwa ujira wa suruali mbili.

Hanunui. Hasemi.
Anazipita cherehani kumi na tisa za kuuza,
anasimama kwenye picha ya ishirini:
nyeusi, ya mkono, dhahabu imechubuka shingoni.
Chini yake niliandika, *Haiuzwi. Ina mwenyewe.*
Dakika saba. Kisha anatoka.

Anachoacha ni namba tu:
mia mbili na tatu, nukta, sifuri, nukta,
mia moja kumi na tatu, nukta, saba.
Naisema nikitia mafuta,
naisema nikikata uzi kwa meno.

Mwenyewe ni Dorka Khasandi.
Aliileta siku ya mvua ya mawe, imefungwa kwa leso,
mpini umevunjika, sindano imepinda.
Akasema, "Fundi, nitarudi Ijumaa."
Miaka minne ina Ijumaa ngapi? Hesabu wewe.
Simu yake sasa inapokelewa na kijana wa Bondo
aliyeuziwa laini hiyo, naye amechoka kunieleza.

Nikamwambia Omburo, nitafutie huyu ni nani.
Akaitia namba kwenye ramani, ikatua Nakuru.
Nakuru! Ana dada Nakuru, alinitajia.
"Ikuze," nikasema. Akaikuza.
Reli ikajitokeza, mitaa, shimo la Menengai,
na ile alama nyekundu ikasimama
katikati ya ziwa,
pale heroe wasipofika kwa miguu.

"Anaishi majini?"

Omburo alicheka hadi akashika meza.
Akanieleza taratibu, kama anayemlisha mtoto uji wa moto:
namba hii, mjomba, si jina wala si mlango.
Ni mali ya kampuni. Leo anaivaa huyu, kesho yule,
mara nyingine watu elfu wameivaa pamoja.
Ramani haijui nyumba. Inakisia mji,
na ikikosa pa kuweka kidole, inaweka popote.

Hapo nikaelewa. Sare ya shule!
Nimeshona sare mia tatu za kitambaa kimoja;
ukinionyesha mtoto kwa mbali
nitakutajia shule, sitakutajia mama yake.

Hata hivyo niliipigia kampuni.
Msichana mwenye sauti ya asali akauliza,
"Una amri ya mahakama?"
Nikasema nina cherehani.
Akanyamaza kidogo. "Mzee, wateja wetu hatuwatoi."

Nilitembea na hasira hadi Kondele.
Pale penye wauza mitumba miguu ikapunguza mwendo.
Siku ile ya mvua, mkono wake wa kushoto
ulikuwa umefungwa kitambaa, na damu imekauka.
Niliuona. Nikauliza habari za sindano.
Je, kama mwanamume mwingine amepiga simu hiyohiyo,
anamtafuta Dorka, naye hana cherehani ya kurudisha?
Nikamshukuru yule msichana, barabarani, peke yangu,
watu wakanipisha.

Usiku nikabadilisha maneno chini ya picha:
*Mpini mpya. Sindano mpya. Deni limefutwa.*
*Atakayetaja rangi ya leso apewe,*
*asiulizwe anatoka wapi.*

Namba haikuja.
Kesho yake haikuja. Mtondo vilevile, nikajilaumu.
Siku ya tano ikaingia nyingine, ndefu,
ina herufi ndani yake kama nambari ya gari la kigeni,
ikakaa dakika ishirini na moja.

Omburo akanyoosha mkono aitie kwenye ramani.
Nikaufunika kwa wangu.
Nikachagua uzi, nikautunga,
nikalizungusha gurudumu la ile nyeusi mara mbili tatu,
isije ikasahau kazi.